Ploti moja, siku moja: mimi mashina 850 kwa hekta, mwenzangu miti 475. Nani kakosea?

#1 BintiChanika

Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja.

Niko mafunzo kwa vitendo, tunapima uoto kwenye msitu wa Pugu Kazimzumbwi, ule upande wa Kisarawe. Wiki iliyopita mimi na mwenzangu tulipewa ploti moja ya mita 20 kwa 20. Kila mtu ahesabu peke yake bila kuchungulia daftari la mwenzake, halafu tulinganishe. Mimi nikahesabu 34. Yeye akahesabu 19. Ploti ya mita za mraba 400 inaingia mara 25 kwenye hekta, kwa hiyo mimi nina 850 kwa hekta na yeye ana 475. Hiyo si tofauti ya kusema mmoja kapitiwa na mti uliojificha nyuma ya kichaka.

La pili. Tulitandaza futikamba ya mita 30 chini ya miti, tukapima ni urefu gani wa kamba umefunikwa na majani. Miti mikubwa ilifunika mita 21.6, vichaka mita 14.4, nyasi na mimea midogo mita 6.6. Nikajumlisha, ikaja asilimia 142. Msimamizi alipoliona daftari akasema turudi tukapime upya, hakuna kitu kinachozidi mia. Tumerudi, tumepima, imekuja 139. Sasa mwenzangu anataka tupunguze kila namba kidogo kidogo mpaka jumla iwe mia, yaishe. Mimi roho inakataa.

Nani kakosea kwenye miti? Na hiyo 142 inawezekana au haiwezekani?

#2 TakwimuTu

Usipunguze hata sentimita moja, dada. Ukishapunguza, hakuna atakayejua tena msitu ulikuwaje siku ile, hata wewe mwenyewe.

142 inawezekana kabisa. Miti imefunika asilimia 72 ya kamba, vichaka 48, nyasi 22. Pale penye nyasi, juu yake kuna kichaka, na juu ya kichaka kuna tawi la mti. Kipande kimoja cha ardhi kimefunikwa mara tatu na wewe umekiandika mara tatu, kama inavyotakiwa. Jumla ya tabaka haina kikomo cha mia.

Kisichoweza kuzidi mia ni kitu kingine: urefu wa kamba uliofunikwa na chochote, uwe mti, kichaka au jani moja la nyasi, ukihesabiwa mara moja tu. Hizo ni namba mbili tofauti na zote zina kazi. Swali langu: mliandika kila kipande kilianzia wapi na kuishia wapi, au mliandika urefu tu?

#3 BintiChanika

Urefu tu. Ndiyo maana naumwa kichwa.

#4 TakwimuTu

Basi hiyo ya pili huwezi kuipata mezani, itabidi urudi kwenye kamba. Safari hii andika "kuanzia 3.20 hadi 5.85, kichaka". Ukiwa na mwanzo na mwisho unaweza kuzipanga tabaka juu ya nyingine ukaona mapengo halisi yako wapi.

#5 MzeeFutikamba

Hamjambo wanangu. Nimefanya kazi ya misitu zaidi ya miaka thelathini, sasa niko nyumbani Chanika nalea migomba. Binti, tunaweza kuwa majirani.

Kabla watu hawajaanza kurushiana maneno humu, nijibu jambo moja. Hiyo ploti ilikuwa na visiki vinavyochipua?

#6 BintiChanika

Shikamoo mzee. Ndiyo, vitatu.

Kimoja ndicho kikubwa. Kilikatwa kwa shoka usawa wa goti, katikati kimeoza hadi kimekuwa kama kinu na maji ya mvua yametuama humo na viluwiluwi vya mbu. Pembeni, kwenye ganda lililobaki hai, yameota machipukizi 11 kuzunguka mdomo wote. La nene kabisa linatosha kuwa mpini wa jembe, mengine ni ya mwiko. Kisiki cha pili kina machipukizi manne, cha tatu matatu. Iliyobaki ni miti 16 yenye shina moja moja.

Mimi nilihesabu kila shina. Mwenzangu alihesabu kisiki kimoja kuwa mti mmoja.

#7 MzeeFutikamba

Marahaba. 16 jumlisha 11, 4 na 3 ni 34. 16 jumlisha 3 ni 19. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Mmejibu maswali mawili tofauti kwa sababu aliyewatuma hakuwaambia anataka lipi.

Sisi tulifundishwa hivi: unapima kipenyo usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mti ukigawanyika chini ya hapo, kila shina linaandikwa peke yake. Ukigawanyika juu ya hapo, ni mti mmoja. Kwa kanuni hiyo wewe ndiye uliyefuata kazi. Lakini mwenzako asionewe, kwa kanuni hiyo hiyo alitakiwa aandike mashina yote na namba ya kisiki pembeni.

#8 MsituMnene

Mzee heshima yako, ila hapa napingana na wewe. Kanuni ya 1.3 ni ya mbao. Mtu wa mbao anataka kujua magogo mangapi yatatoka, kwa hiyo shina ndiyo mali yake. Anayetaka kujua msitu una viumbe wangapi anatazama mzizi. Machipukizi 11 yananyonya mzizi mmoja na yametoka kwenye mti mmoja. Ukisema ni miti 11 umesema msitu uliokatwa una miti mingi kuliko ulivyokuwa kabla haujakatwa. Mti wa mkongo ukisimama mzima ni 1, ukikatwa na kuchipua ni 11. Mkata mkaa anageuka mpanda miti!

#9 MkaaWaZamani

Mimi ndiye huyo mkata mkaa. Nilifanya kazi hiyo ujanani na sijifichi, niliiacha, sasa nauza matofali.

Nawapa cha machoni. Tukikata chini, goti au chini ya goti, kisiki kinachipua karibu kila mara kama hakijaunguzwa. Tukijenga tanuri juu yake au karibu yake, kimekwisha, hakichipui tena. Mwaka wa kwanza vinatoka vijiti hata ishirini. Ukirudi mwaka wa tatu unakuta sita saba. Ukikaa sana unakuta viwili vitatu vimenenepa na vingine vimekauka hapo hapo, ukivuta vinang'oka kama jino la mtoto. Kwa hiyo huyo wa 11 ukimhesabu leo na ukimhesabu baada ya miaka mitano, mtasema msitu umepungua wakati ndiyo kwanza unakua.

#10 BintiChanika

Kaka MkaaWaZamani asante sana. Hili hakuna aliyenifundisha darasani.

#11 KakaWaMbezi

Nimesoma Arizona, Marekani, na utafiti wangu ulikuwa kwenye msitu mchanganyiko wa misonobari na mialoni, upande wa Flagstaff. Mjadala huu huu tuliufanya kule mpaka watu wakanuniana.

Msonobari wa ponderosa ukiukata umekufa. Kisiki hakichipui. Mti mmoja, shina moja, hakuna ubishi. Lakini pembeni yake kuna mwaloni wa Gambel. Huo ukikatwa au ukiunguzwa unachipua kutoka kwenye kitako, na siyo kitako tu, una mashina yanayotambaa chini ya ardhi na kutoa miche mbali na mama. Unaona kichaka cha mashina arobaini, ukichimba unakuta yameungana. Utasema mialoni mingapi? Kwa macho huwezi kujua mzizi mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Msimamizi wangu alisema hivi: msitu mmoja, kanuni moja, hata kama aina moja ya mti inanufaika na nyingine haifaidiki. Tukahesabu mashina kwa miti yote, halafu tukaongeza safu ya vikundi kwa mialoni. Msonobari kwenye safu hiyo ulikuwa 1 kila mahali.

MsituMnene, hoja yako ya mzizi ni nzuri kwenye karatasi. Ukiwa porini na mwaloni wa Gambel utaomba shina.

#12 MsituMnene

Pugu siyo Arizona. Kisiki cha binti kinaonekana, kina mdomo na kina maji na viluwiluwi. Hakuna haja ya kuchimba.

#13 MzeeFutikamba

KakaWaMbezi kila uzi lazima atupandishe ndege. Lakini leo kasema la maana.

#14 MamaMiche_Kigamboni

Samahani nauliza nje kidogo. Mialoni ndiyo ile ya Mamre aliyokaa Ibrahimu? Na misonobari si ndiyo hii mivinje yetu ya ufukweni? Nauza miche ya mivinje, wateja wengi wanaiita misonobari ya pwani na mimi nimekuwa nawaitikia.

#15 KakaWaMbezi

Mwaloni ni jina la kundi kubwa mama, aina ni mamia. Hiyo ya Biblia ni jamaa, siyo ile ile ya Arizona. Kwetu Tanzania mwaloni wa asili hakuna.

Kuhusu mvinje, nasikitika kukuharibia soko. Mvinje si msonobari. Vile vinavyofanana na sindano si majani, ni vijitawi vya kijani. Chukua kimoja, kivute taratibu, kinakatika kwenye pingili kama muwa mdogo. Majani yenyewe ni vijimeno vidogo sana vinavyozunguka kila pingili, tumia lenzi utayaona. Na kile kidude chake kinachofanana na koni ya msonobari ni kishada cha matunda. Mvinje unatoa maua.

La kushangaza ni kwamba katika uainishaji wa mimea mvinje na mwaloni wako oda moja, Fagales. Mivinje yako ya Kigamboni ina undugu wa karibu zaidi na mialoni ya Ibrahimu kuliko na paini za Mafinga, ambazo ndizo misonobari ya kweli.

#16 MamaMiche_Kigamboni

Nimetoka nje sasa hivi nimekivuta. Kweli kimekatika kwenye pingili! Miaka yote hii. Kesho nabadilisha kibao.

#17 MnyaluWaMafinga

Mmetaja paini nimeamka. Huku kwetu hesabu ni nyepesi. Paini inapandwa mita 3 kwa 3, kila mti unamiliki mita za mraba 9, gawa 10,000 kwa 9 unapata miti 1,111 kwa hekta siku ya kupanda. Baadaye unapunguza. Tatizo lenu nyie watu wa pwani mnapima mraba wakati dunia yote inapima duara. Mraba una kona nne za kubishania.

#18 TakwimuTu

"Dunia yote" umeongeza chumvi, mraba na mstatili bado zinatumika sana. Ila kwa Tanzania ni kweli tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, ilitumia duara. Na siyo duara moja, ni maduara manne yenye kitovu kimoja. Ndani ya mita 1 kutoka kitovu unapima kila shina lenye kipenyo cha kuanzia sentimita 1. Hadi mita 5 unapima yenye sentimita 5 kwenda juu, hadi mita 10 yenye sentimita 10 kwenda juu, hadi mita 15 yenye sentimita 20 kwenda juu. Matokeo yake yalitoka 2015, na ndiyo yaliyotupa ile hekta milioni 48.1 za misitu ya aina zote nchini.

Angalia inavyofanya kazi kwenye kisiki chetu. BintiChanika, yale machipukizi ya mwiko yana kipenyo gani?

#19 BintiChanika

Kwa kalipa (kile kifaa cha kubana shina kupima kipenyo), mengi ni kama sentimita 4. Lile la mpini ni karibu 5, sikuandika nukta.

#20 TakwimuTu

Basi kwa maduara ya NAFORMA kisiki chako kikiwa mita 6 kutoka kitovu, hakuna hata chipukizi moja linaloingia kwenye daftari. Kikiwa nusu mita kutoka kitovu, yanaingia yote 11, na kila moja linawakilisha mashina zaidi ya 3,000 kwa hekta, kwa sababu duara la mita 1 lina mita za mraba 3.14 tu. Kwa hiyo kuna maelezo ya tatu mbali na shina na mzizi: hamkupewa kipenyo cha chini cha kuanzia. Mngeambiwa "kuanzia sentimita 5" mngetofautiana shina moja au mawili, siyo 15.

#21 MsituMnene

Hapo unafuta ugonjwa kwa kutoupima. Vijiti vya sentimita 4 ndiyo habari kubwa ya msitu huu! Vinakuambia kuwa watu walipita na shoka.

#22 MzeeFutikamba

Kuna njia ya kuwapatanisha, inaitwa eneo la mkato wa shina. Kila shina unalikata kwa mawazo usawa wa kifua, unapata duara, unajumlisha maduara. Machipukizi 11 ya sentimita 4: kila moja lina mkato wa sentimita za mraba 12.6 hivi. Yote pamoja ni 138. Huo ni sawasawa na mti mmoja wa kipenyo cha sentimita 13. Mkongo mmoja wa sentimita 40 una 1,257, mara tisa ya kisiki kizima na wanawe. Ukitumia hesabu hii, ugomvi wa 1 au 11 unapoa, maana hata ukiyaita 11 hayawezi kujifanya msitu.

Na hata ploti haihitajiki. Mwanamisitu wa Austria, Walter Bitterlich, alieleza hili 1948. Chukua fimbo ya mita moja, mwishoni gongomea kibao cha upana wa sentimita 2. Weka ncha nyingine chini ya jicho, simama pale pale, zunguka mzima. Kila mti ambao shina lake, usawa wa kifua, linaonekana pana kuliko kibao, hesabu moja. Mwisho wa mzunguko idadi hiyo ndiyo mita za mraba za mkato kwa hekta. Kijiti cha sentimita 4 kinaingia ukiwa umbali usiozidi mita 2. Mkongo wa sentimita 60 unaingia hata ukiwa mita 30. Mara ya kwanza nilipofundishwa nilidhani nachezewa, nikaenda nikapima kwa futikamba jioni nzima. Zilikaribiana.

#23 FundiMabomba_Buguruni

Mimi ni fundi bomba, misitu siijui, ila nimeona 142 ya kwanza na 139 ya pili. Nauliza, mlikuwa mnajuaje kwamba tawi liko juu ya kamba na siyo pembeni yake? Mlikuwa mnatazama juu kwa shingo tu?

#24 BintiChanika

Shingo tu, kaka.

#25 FundiMabomba_Buguruni

Basi hapo ndipo zilipopotelea. Ukiinama nyuma kidogo tawi la mita 10 juu linahama. Chukua kipande cha bomba la inchi moja na nusu, urefu kiganja na nusu. Toboa matundu manne mdomo wa juu, pitisha uzi wa mshipi vivuke katikati kama msalaba, fanya vivyo hivyo mdomo wa chini. Ning'iniza timazi ndogo ubavuni, hata nati itafaa. Ukitazama, misalaba miwili ikipandana na nati ikining'inia sambamba na bomba, unatazama wima kweli. Nimewahi kumtengenezea jamaa wa kupima nyumba kitu kama hicho. Njoo Buguruni nikukatie, bomba mabaki ninayo.

#26 TakwimuTu

Fundi, umeunda kifaa kinachouzwa ghali. Na kwa bomba hilo huhitaji hata kupima urefu: kila nusu mita ya kamba tazama juu, jani au anga, ndiyo au hapana. Kamba ya mita 30 inakupa vituo 60.

Niongeze tahadhari. Kuna watu watakuambia utumie kile kioo mbonyeo chenye miraba 24, unakishika mkononi unahesabu vivuli. Kinapima kitu kingine. Kioo kinaona hadi pembeni, kwa hiyo kinakuambia anga kiasi gani limezibwa ukiwa umesimama pale. Bomba linakuambia ardhi kiasi gani ina jani juu yake. Kwenye msitu wa miti mirefu kioo huwa kinatoa namba kubwa. Watu wanachanganya hizi mbili kwenye ripoti moja halafu wanashangaa.

#27 KakaWaMbezi

Na hata kwa bomba mkubaliane kuhusu matundu. Mwavuli wa mti una mianya kati ya majani. Unahesabu mwanya kuwa anga, au unafuata ukingo wa nje wa mwavuli na kuuchukulia wote umejaa? Njia hii ya kamba ilielezwa na Canfield mwaka 1941, naye akifanya kazi kwenye malisho ya kusini magharibi mwa Marekani, vichaka vya jangwani. Mwavuli wa Pugu una mianya ya kila namna. 142 na 139 zinaweza kuwa ni siku moja mliruka mianya na siku nyingine mkaihesabu.

#28 ChumaUlete_Mbagala

Au upepo tu. Alasiri pale milimani unavuma, tawi linakwenda na kurudi.

#29 MamaMiche_Kigamboni

Au majani yamepungua. Mkongo unapukutisha wakati wa kiangazi. Mlipima mwezi gani?

#30 BintiChanika

Vipimo viwili vimepishana siku nne tu mama. Sidhani kama ni kupukutisha. Ila ni kweli tulianza mwishoni mwa masika, kila kitu kimejaa.

#31 KakaWaMbezi

Kwa siku nne hapana, lakini iandike tarehe kwa herufi kubwa. Kule Arizona mwaloni wa Gambel unapukutisha majani yote majira ya baridi, msonobari unabaki na yake. Mtu akipima Januari atasema msitu ni wa misonobari mitupu. Atakayekuja Pugu Septemba akalinganisha na yako ya Juni atasema msitu umekatwa.

#32 MzeeFutikamba

Na mteremko. Pugu ni vilima. Futikamba ukiilaza juu ya ardhi kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 20 zako ni mita 18.8 tu kwenye ramani. Ploti yako si 400, ni kama 376, na 25 yako ya kuzidishia inakuwa karibu 26.6. Mlinyoosha kamba sawa na maji?

#33 BintiChanika

Hatukuinyoosha mzee. Ila pale ni tambarare kiasi. Nitapima na pimamaji.

#34 MsituMnene

Hakuna aliyeuliza swali ninaloliona kubwa kuliko yote: nani aliichagua hiyo ploti, na iko mita ngapi kutoka njiani? Nimeona ploti nyingi za wanafunzi ziko hatua hamsini kutoka njia ya bodaboda, kwa sababu ndipo gari lilipoishia. Kandokando ya njia ndiko kunakokatwa. Visiki vitatu ndani ya mita 400 za mraba vinaweza kuwa habari ya njia, siyo ya msitu.

#35 BintiChanika

Tulionyeshwa tu. Njia iko karibu, sauti za pikipiki tulikuwa tunazisikia.

#36 MkaaWaZamani

Njia siyo sababu. Sisi tulikuwa tunakwenda mbali na njia makusudi, ili moshi usionekane. Karibu na njia wanakata nguzo na kuni, siyo mkaa. Kisiki cha goti kilichokatwa kwa shoka, chenye mdomo mpana hadi kuwa kinu, hicho kilikuwa mti mkubwa. Mwangalie kama kuna ardhi nyeusi karibu, laini, inayoota majani tofauti. Hilo ni kovu la tanuri, linakaa miaka mingi sana.

#37 MsituMnene

Sawa, nimekusikia. Lakini ploti moja ni ploti moja.

#38 ChumaUlete_Mbagala

Mimi nilikwenda huko kutembea nikakutana na upupu. Siwaambii. Nilioga maji ya chumvi, nikajipaka majivu, nikalia. Binti vaa mikono mirefu.

#39 MzeeFutikamba

Upupu usijikune na usikimbilie maji. Jipake udongo mkavu au majivu, acha, kung'uta taratibu. Nguo zikae peke yake.

#40 BintiChanika

Mrejesho wakuu. Jana nimekwenda tena, mimi na mwenzangu, na bomba la fundi (asante kaka, ulikataa hata hela ya soda).

Kamba: tumeandika mwanzo na mwisho wa kila kipande. Uliofunikwa na chochote ni mita 26.1 kati ya 30, asilimia 87. Jumla ya tabaka safari hii 136. Kwa hiyo nina 142, 139 na 136, na sijui inashuka kwa sababu ya upepo, mianya, au ni sisi tunazidi kuwa makini.

Mteremko ni nyuzi 6 tu.

Miti: tumehesabu pamoja, kwa sauti, tukiweka chaki kwenye kila shina. Mashina 35. Moja lilikuwa limefunikwa na mtambaazi, wote wawili tulilipita mara ya kwanza tukijua ni sehemu ya kichaka. Na kuna mti mmoja umeinama, mwavuli uko ndani ya ploti, kitako kiko juu ya kamba ya mpaka. Mwenzangu anasema ndani, mimi nasema nje.

Halafu kaka MkaaWaZamani, tulichimba kidogo kwa panga hatua kama kumi kutoka kwenye kisiki kikubwa. Ardhi nyeusi, ina vipande vya mkaa vya ukubwa wa kidole. Mwenzangu alinyamaza muda mrefu.

Msimamizi nimemwonyesha safu tatu: mashina, visiki, na eneo la mkato. Amesema atafikiria, lakini bado anataka namba moja.

#41 MzeeFutikamba

Mti wa mpakani unaamuliwa na kitako, siyo mwavuli. Nusu au zaidi ikiwa ndani, ni wako. Ikiwa nusu kwa nusu kabisa, chagueni pande mbili za ploti zinazoingiza na mbili zinazotoa, na mfanye hivyo kila ploti.

#42 TakwimuTu

Kama analazimisha namba moja, mpe mashina, na kwenye kichwa cha safu andika "mashina kuanzia sentimita 1, machipukizi ya visiki yamo".

#43 MsituMnene

Mpe 20. Miti 20. Hilo la mtambaazi lina mzizi wake, siyo chipukizi. Nusu ya wanaosoma "shina" watasoma "mti".

#44 KakaWaMbezi

Ana kurasa ngapi za ripoti? Safu tatu zinaingia.

#45 MkaaWaZamani

Mimi naomba nije nikione hicho kisiki. Kama ni eneo ninalolidhani, nawajua waliokata, na naweza kukwambia ni mwaka gani. Hilo litakusaidia kujua machipukizi yana umri gani.

#46 BintiChanika

Kaka njoo! Nitaomba kibali cha mtu wa ziada. Jumamosi saa moja asubuhi, stendi ya Gongo la Mboto, tunapanda za Kisarawe.

#47 MzeeFutikamba

Nami nipo. Nakuja na fimbo ya Bitterlich, mshike kwa mikono yenu.

#48 FundiMabomba_Buguruni

Nimekata mabomba mawili zaidi. Nani anapitia Buguruni Ijumaa jioni ayachukue?